Kifundo cha Kumi na Saba

Kikombe cha tatu kilikuwa cha bati, cheupe chenye mdomo wa bluu, kimebanduka rangi kwenye mkono. Bibi Nanzia alikiweka mezani mwenyewe kila asubuhi, akakijaza chai ya tangawizi, akakifunika kwa kisahani isipoe. Kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha binti yake Nakijwa, profesa wa magonjwa ya ubongo, aliyepanda milima ya Upare kwa gari la kamba kila kulipopambazuka, anywe chai na mama yake kabla ya kuteremka tena mjini Same kazini. Cha tatu kilikuwa cha Eliakunda, kitinda mimba, ambaye hakuwa akija.

"Siku ya arobaini na moja leo," alisema Bibi Nanzia, akimenya kiazi kitamu.

"Ya nini, mama?" Nakijwa aliuliza, ingawa alijua.

"Tangu mnirudishe kutoka kwenye hiyo taasisi yako. Arobaini na moja nimekiweka, arobaini na moja kimepoa. Siku ya tatu ilinyesha, nikasema mtoto kazuiwa na mvua. Siku ya nane lilikuwa jua. Jumapili ya pili ulikuja na gauni hilo hilo ulilovaa, ukaniambia simu yake imeanguka ziwani."

"Kigoma mawimbi ni makubwa, mama."

"Ni simu gani hiyo inayoanguka ziwani mara tatu? Anaifunga kwenye mkia wa samaki?"

Namsifu, mwanamke aliyemtunza bibi huyo kwa miaka mitano, aliangua kicheko pale jikoni. Kisha akauona uso wa Nakijwa, akanyamaza na kuanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Nakijwa alijua jambo moja juu ya Namsifu ambalo mwenyewe hakuwahi kulisema. Kila siku, vyombo vilipoondolewa, Namsifu alikipeleka kikombe cha tatu nyuma ya nyumba, akainywa ile chai ikiwa baridi, amesimama, mpaka tone la mwisho. Hakutaka kuimwaga chai ambayo mama amemwekea mwanawe. Nakijwa alimwona siku moja kupitia dirishani, akarudi nyuma asimwaibishe.

Wakati wa ugonjwa kikombe hicho hakikuwa na madhara. Bibi Nanzia alikuwa akikiweka, anatazama mlangoni, anasema, "Leo kachelewa," na ikifika saa nne amesahau kikombe na aliyekuwa akingojewa. Kila asubuhi ilikuwa ya kwanza. Kungoja kwa asubuhi moja hakumuumizi mtu sana. Sasa alikuwa amepona, na akili iliyopona ilizikusanya asubuhi zote, ikazipanga moja juu ya nyingine, haikuacha hata moja.

"Nimemwambia baba yako mdogo Yoeli aite kikao," mama alisema. "Alhamisi, saa tano, hapa hapa uani."

"Kikao cha nini?"

"Cha Eliakunda. Mtoto anayejua kwamba mama yake ameumwa miaka mitano, akapona, na bado haji kumwona, huyo si mtoto. Nitasimama mbele ya ukoo nimkane."

Nakijwa aliweka chini kikombe chake. Katika ukoo wao maneno ya kikao, yakishasemwa kwa kusimama, hayarudishwi. Jina la mtu aliyekanwa halipewi mtoto yeyote atakayezaliwa. Halitajwi kwenye sala ya chakula. Na Eliakunda alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini, mita mia mbili kutoka pale alipoketi mama yake, nyuma ya shamba la tangawizi, mahali ambapo ukoo mzima ulikuwa umekubaliana kwamba bibi asipitishwe.

*

Hakuna aliyedhamiria ubaya. Ilianza kama inavyoanza kwa watu wote wa kwao: mgonjwa hapelekewi msiba. Mtu akiwa kitandani, hata akifiwa na ndugu wa tumbo moja, watu huvua nguo za matanga mlangoni na kuingia wakicheka. Ataambiwa akipona.

Bibi Nanzia alikuwa amemzika mwanawe akiwa na akili zake timamu. Miaka sita baadaye ugonjwa ulimjia, na kifo hicho kikawa kati ya vitu vya kwanza kufutika. Mwanzoni walimkumbusha. Kila walipomkumbusha alianguka chini akalia kilio cha siku ile ile ya kwanza. Kesho yake anauliza tena. Baada ya mara ya nne Baba mdogo Yoeli alisema basi, inatosha, tunamuua. Ndipo Eliakunda akapelekwa Kigoma kwa maneno ya watu, akapewa kazi kwenye meli za ziwani.

Kisha matibabu yakapatikana.

Ugonjwa huu wa kusahau hula njia za kumbukumbu. Uchafu hujirundika kati ya chembe na chembe za ubongo, na ndani ya chembe zenyewe vijinyuzi hujisokota mpaka chembe inakufa. Miaka yake ya mwanzo kazini Nakijwa alikuwa akiusafisha uchafu huo kwa dawa, kama wenzake wengine duniani. Wagonjwa wakabaki na ubongo safi usiojua jina la mtu. Ndipo alipokuja na nyuzi. Chembe za ngozi ya mgonjwa mwenyewe zilifundishwa kwa wiki tisa kuwa chembe changa za neva, zikapandwa katika kile kipande cha ubongo kinachotunza kumbukumbu, kilichojipinda kama kidole cha tangawizi, zikakua. Lakini uzi mpya haujui kitu. Lazima uonyeshwe pa kwenda. Kwa hiyo ndugu waliketi kando ya kitanda wakisimulia: harusi, mavuno, ugomvi wa mpaka, nyimbo za kanisani. Kofia ya kusikiliza ilionyesha kwenye kioo ni wapi ndani ya kichwa cha mgonjwa pameshtuka. Palipowaka, mtaalamu alibonyeza, na uzi ukashikizwa pale kwa mwali mwembamba wa mwanga. Hapo palikuwa kifundo kimoja. Vifundo vikifika arobaini hivi, vilivyobaki hujitafutia njia vyenyewe.

Kabla ya kumshonea Bibi Nanzia nyuzi hizo ndugu walikaa kikao, wakaorodhesha ya kumsimulia. Msiba wa Eliakunda uliandikwa namba kumi na saba. Watu wakatazamana.

"Mgonjwa hapelekewi msiba," alisema shangazi mmoja.

"Ataambiwa akipona," alisema Baba mdogo Yoeli, na kila mtu akaitikia kwa kichwa.

Hakuna aliyeuliza ataambiwa na nani.

Siku ya kushona, Nakijwa mwenyewe ndiye aliyekaa mbele ya kioo. Simulizi ya kumi na sita ilikuwa ya Eliakunda mtoto, alivyopotea shambani wakamkuta amelala kwenye jamvi la maharage. Bibi akatabasamu usingizini. Jina hilo likaenda mbali zaidi kuliko walivyotaka: upande wa kushoto, chini, bila mtu kuligusa, nuru nyingine ikawaka, nyekundu, nzito, na kioo kikaiandika namba kumi na saba, iliyofuata kwenye orodha. Msiba ulikuwepo. Ulikuwa mzima kabisa chini ya uchafu wote ule.

Nakijwa aliweka kidole juu ya kioo. Akabonyeza *Ruka*. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika: *Haikupatikana.*

Alijiambia ni huruma. Lakini kuna jambo ambalo kikao hakikulisema, ingawa wazee wote walilijua. Mtu wa kwanza duniani kupandiwa nyuzi za Profesa Nakijwa alikuwa Eliakunda. Ugonjwa ulimshika mapema mno, akiwa na miaka arobaini na mitano, akaanza kuwasahau wanawe. Mama alisema, "Ngoja, Nakijwa. Jaribu kwa wanyama mwaka mmoja zaidi." Nakijwa hakungoja. Nyuzi zilikua bila kukoma, na siku ya tisa Eliakunda akafa. Kaburini, udongo ukiwa bado mbichi, Bibi Nanzia alimgeukia binti yake mbele ya watu wote, akasema, "Mimi na wewe tumemalizana. Usiniite mama."

Miaka sita hakumjibu salamu. Kisha ugonjwa ukaja, ukala siku ile ya kaburini, na asubuhi moja Bibi Nanzia akamwona binti yake getini akasema, "Mwanangu, mbona umesimama kwenye baridi? Ingia." Ugonjwa ambao Nakijwa alipigana nao miaka thelathini ndio uliomrudishia mama.

*

Taasisi ilikuwa karibu na kituo cha chini cha gari la kamba. Jumatano mchana Daktari Ombeni, msaidizi wake wa miaka kumi na minne, aliingia na ripoti ya matibabu ya Bibi Nanzia, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Profesa, naomba usome ukurasa wa tisa kabla hujasaini."

"Nimeuandika mwenyewe, Ombeni."

"Najua, mama." Alipoacha kumwita profesa, ilikuwa dalili mbaya. "Nilikuwa nakagua rekodi za kofia. Namba kumi na saba inawaka. Inawaka kuliko harusi yake."

Nakijwa alitazama dirishani. Chini uani wanawake wawili walikuwa wakimtembeza mzee mmoja, kila mmoja kamshika kiwiko, wakimhesabia hatua kwa kuimba.

"Kuna familia kumi na moja zinangoja," Ombeni aliendelea. "Jana walikuja watu wa Gonja. Wanataka turuke ndoa ya kwanza ya baba yao. Jumatatu mwanamke mmoja aliniuliza kama tunaweza kuruka deni. Wamesikia kwamba inawezekana, sijui kwa nani. Niwajibu nini?"

"Waambie haiwezekani."

"Niwaambie hivyo huku nikijua?"

Nakijwa aliifunga ripoti. Ombeni akasema kwa sauti ya chini, "Tunaweza kukishona kifundo hicho hata leo. Tumlaze dakika ishirini tu. Ataamka akiwa anajua, bila mtu kulazimika kumwambia."

Lilikuwa pendekezo la upendo, na Nakijwa alilielewa hivyo. Alifikiria mama yake akiamka peke yake na kifo cha mwanawe kichwani, akiwatazama watu wote wanaotabasamu kando ya kitanda.

"Hapana," alisema. "Hiyo ni kumpelekea msiba kwa mashine."

Ombeni aliinuka. Ripoti aliiacha bila kuisogezea kalamu. Mlangoni alirudi, akavua sweta lake, akalitundika nyuma ya kiti cha profesa, kwa sababu kule juu kulikuwa na ukungu tangu asubuhi na Nakijwa alikuwa amekuja na kanga tu.

*

Jioni hiyo Nakijwa alimpigia Baba mdogo Yoeli.

"Nilijua utapiga," mzee alisema. "Nimekwisha kupata dawa. Mjukuu wangu anaweza kutengeneza sauti ya Eliakunda. Anazo rekodi za kwaya. Ataongea kabisa: mama shikamoo, nimebanwa na kazi. Bibi atafurahi, kikao kitavunjika, tutakula makande yetu twende."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo atapiga tena."

"Mpaka lini, baba?"

Yoeli alikohoa. "Mpaka Mungu atakapoamua nani atangulie."

"Basi mwambie wewe. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Ulisema ataambiwa akipona."

"Mimi?" Sauti ya mzee ilipanda. "Mimi nina presha, Nakijwa! Shangazi yako amwambie. Wanawake wanajua kusema mambo haya."

"Shangazi anasema mchungaji. Mchungaji anasema ni jambo la ukoo."

Kisha mzee akasema, na safari hii hakuwa akikwepa: "Mwanangu, sisi wote tunaogopa kilio chake. Wewe unaogopa kitu kingine, nami nakijua, nilikuwepo kaburini. Sitakulazimisha. Ukishindwa, kesho nitasema naumwa, kikao kiahirishwe. Nitakulindia hivyo mara moja. Siwezi mara mbili."

*

Alhamisi Nakijwa alifika mapema kuliko siku zote. Ukungu ulikuwa umejaza korongo, na gari la kamba lilipita humo kama linapita katikati ya sufi. Namsifu alikuwa uani akipanga viti vya kikao. Alimtazama Nakijwa usoni mara moja, akaacha viti. "Nitakuwa shambani, dada," alisema. "Ukiniita nitasikia."

Vikombe vitatu vilikuwa mezani.

"Umevaa sweta la kiume," mama alisema. "Umeolewa kimya kimya?"

"La Ombeni."

"Kijana mwenye adabu. Kaa. Chai hiyo."

Nakijwa hakukaa. Alipiga magoti kando ya kiti cha mama yake, kama alivyopigishwa magoti utotoni alipokosa, na magoti ya mtu wa miaka hamsini na tisa yakalia.

"Mama, Eliakunda hayuko Kigoma."

"Nilijua. Yuko wapi?"

"Hayupo, mama. Alifariki. Miaka kumi na mmoja iliyopita."

Bibi Nanzia alinyanyua kisahani juu ya kikombe cha tatu, akatazama ndani, akakirudisha. Nakijwa alingoja kile kilio. Hakikuja.

"Nilikuwepo?" mama aliuliza.

"Ulikuwepo. Ulitupa udongo wa kwanza."

"Usiniambie zaidi." Alifumba macho. Midomo ikachezacheza, kama ya mtu anayepapasa ndani ya sanduku gizani. Kisha akasema polepole, "Sanduku lilikuwa fupi. Yoeli alipima vibaya. Wakaenda kuchonga jingine, sisi tunangoja juani... Na kikombe hiki nilitaka kiwekwe ndani, mchungaji akakataa."

Hayo hakuna aliyemsimulia. Kifundo kilikuwa kimejifunga chenyewe.

Machozi yalitoka sasa, bila sauti. Nakijwa aliyaona yakipita kwenye mikunjo ya uso ule, akajua kwamba akili ya mama ilikuwa ikitembea kutoka kwenye jeneza, kupita kwa watu waliosimama, kumfuata yeye mahali alipokuwa amesimama siku ile. Alitaka kuinuka. Alibaki chini.

Mama alifumbua macho.

"Nilikuambia ungoje."

"Uliniambia."

"Na pale kaburini nilikuambia neno."

"Ndiyo."

"Mlinishona vitu vingi. Mpaka mbuzi wa Yoeli aliyekula hati ya shamba mlinishonea. Hiki mkakisahau?"

"Hatukukisahau. Kilikuwepo, nilikiona. Nilikiruka."

"Usije ukaniambia kwamba ni kwa sababu mgonjwa hapelekewi msiba."

"Ndivyo nilivyowaambia wengine."

"Na mimi unaniambia nini?"

Nakijwa alipumua. "Ulikuwa umeniita mwanangu. Niliogopa utaacha."

Nje Namsifu alikuwa akipalilia; jembe lilisikika, likanyamaza, likasikika tena. Bibi Nanzia alitazama kichwa cha binti yake kilichoinama, chenye mvi nyingi kuliko alivyokikumbuka, kwa sababu miaka sita hakuwa amekitazama na mingine mitano alikuwa amekitazama bila kukiona.

"Leo saa tano ningemkana mtoto wangu," alisema. "Amelala pale nyuma, hana kosa lolote, ningesimama hapa nimkane. Ungeniacha?"

"Nimekuja nisikuache."

"Umekuja siku ya arobaini na nne."

Bibi Nanzia aliinuka kwa kushika meza. Nakijwa alinyoosha mkono kumsaidia. Mama akaupita mkono ule bila kuusukuma. Alichukua kikombe cha tatu, akakipeleka mlango wa nyuma, akanyanyua kisahani. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Hakuimwaga.

"Namsifu!" aliita. "Njoo uinywe leo ikiwa ya moto."

Namsifu alisimama kati ya matuta, jembe mkononi, mdomo wazi. Kisha akaja, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Mama alimngoja mpaka amalize. Akakichukua, akakiosha, akakifuta kwa pindo la kanga yake, akakifungia kabatini.

"Yoeli akija mwambie kikao hakipo," alisema, bado amewapa mgongo. "Nitakwenda kaburini. Namsifu atanishika mkono. Wewe nenda kazini kwako, ukaandike ulichokiona."

"Nitaandika, mama." Neno lilimtoka kabla hajakumbuka kwamba huenda halina ruhusa tena.

Mama hakulirudisha. Hakulipokea pia.

Nakijwa alichukua mkoba wake. Alipofika kizingitini alisikia hatua za mama nyuma yake, za polepole.

"Kesho usije."

"Sawa."

"Keshokutwa pia usije." Ukungu ulikuwa umeanza kuingia ndani kupitia mlangoni. "Jumapili njoo. Saa nne. Sijui nitakuambia nini. Lakini njoo, sitasahau."

Nakijwa alitoka. Nyuma yake mlango ulifungwa taratibu, bila kubamizwa.